Kaka anataka mafuta yangu ya chips yaendeshe ding'dong yake

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga, nina kibanda cha chips karibu na stendi. Kaka yangu wa tumbo moja ana ding'dong, ile mashine ya kuchana mbao, huko msituni na Fuso ya zamani ya kubebea. Mwezi huu amekuja na jambo ambalo limenikosesha usingizi.

Ameona video za Wazungu wanaotengeneza dizeli nyumbani kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia. Kuna mtu Dar es Salaam anauza mtambo mdogo unaopika lita 100 kwa mkupuo, bei milioni 4 na nusu. Kaka ana milioni 1 na nusu mkononi. Anataka nikope milioni 3 kwenye kikoba chetu, riba asilimia 10, nirejeshe kabla hatujavunja Desemba. Pia nimpe mafuta yangu machafu yote bure, maana kwa maneno yake "hizo ni taka tu". Faida tugawane nusu kwa nusu.

Hesabu yake ni hii. Methano (methanoli, pombe ya viwandani) lita 20 kwa shilingi 3,500 ni 70,000. Kostiki soda ya 3,000. Jumla 73,000 kwa lita 100, yaani shilingi 730 kwa lita. Dizeli huku kwetu tunanunua 2,900. Anasema kila lita tunabaki na elfu mbili na ushee, na mambo yakishakaa sawa tutapanda mibono (jatropha, ile ya mbegu za mafuta) kwenye shamba la marehemu baba ili tusitegemee hata chips.

Sasa Mjomba, mafuta yangu siyamwagi. Kuna mama wa sabuni huja kuyachukua, ananilipa 25,000 kwa dumu la lita 20. Mimi nanunua dumu moja la mafuta mapya kwa wiki, na kwa mwezi yanayobaki machafu ni kama dumu moja na nusu, mwezi mzuri mawili. Nilipomwambia kaka hivyo alisema nina mawazo ya kimaskini, nang'ang'ania elfu ishirini na tano wakati mamilioni yanapita. Mama yupo upande wake, anasema ndugu hawahesabiani.

Sitaki ugomvi. Lakini hela ya kikoba ndiyo ada ya watoto Januari. Kemia niliiacha kidato cha pili. Je, hii dizeli ya nyumbani ni kweli ipo? Na kama ipo, inalipa?

Mama Chips, Mafinga

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Ipo, na kaka yako hajadanganywa kwenye hilo. Mafuta ya kupikia ukiyachanganya na methano na kostiki soda kidogo, kwenye joto la kama nyuzi 55, yanagawanyika: chini inatuama gliserini nzito, juu inabaki biodizeli nyepesi inayowaka kwenye injini ya dizeli. Tena injini ya dizeli na mafuta ya mimea ni marafiki wa zamani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Miaka yangu ya kufungua pampu na nozeli nimeona magari mengi yaliyokunywa vitu vibaya kuliko biodizeli, na mengine yalifika.

Kwa hiyo kemia tuiache. Tatizo liko kwenye daftari.

Anza na wingi, kabla hata ya bei. Unaingiza dumu moja jipya kwa wiki, zaidi ya madumu manne kwa mwezi, na yanayotoka machafu hayafiki mawili. Mengine yamekwenda wapi? Yameondoka na chips. Mteja ameyala. Ndivyo ilivyo kwenye kila kibanda, na watu wa video hawasemi. Sasa ding'dong, ikipiga kazi kutwa, inaweza kumaliza lita 20 za dizeli, Fuso bado hujaihesabu. Mafuta yako ya mwezi mzima, yale ya mwezi mzuri, ni kazi ya siku mbili msituni. Mtambo wa lita 100 ukiupika mara moja tu kwa wiki unataka madumu matano kila wiki. Wewe una mawili kwa mwezi. Mengine atayatoa wapi kaka?

Atayatoa kwa wenzako wa stendi, kwenye mahoteli, labda mpaka Iringa mjini. Huko atamkuta mama wa sabuni, na watu wa chakula cha mifugo, na hata wale wasio na haya wanaoyachuja na kuwauzia wakaangaji wengine. Siku kaka anapoingia sokoni kutafuta madumu matano kwa wiki, bei haitabaki 25,000. Itapanda, na aliyeipandisha ni yeye.

Halafu hili la "taka". Kitu ambacho mtu anakuja mlangoni kukinunua kwa fedha taslimu si taka. Dumu la 25,000 ni shilingi 1,250 kwa lita, na hiyo ni gharama hata kama hela haikutoka mfukoni mwa kaka, kwa sababu imetoka mfukoni mwako. Hesabu yake imeandika sifuri mahali penye jina lako.

Turudie basi hesabu hiyo kwa bei ulizonitajia mwenyewe, lita 100 za mafuta machafu. Mafuta, 125,000. Methano, 70,000, na nauli ya kuitoa Dar mpaka Mafinga niweke 8,000. Kostiki soda, 3,000. Kuni au umeme wa kukausha na kupasha, 5,000. Filta, maji ya kuoshea na dawa za kupimia, 4,000. Kibarua wa kushinda hapo, 15,000. Jumla ni 230,000. (Nauli, kuni, filta na kibarua nimekisia. Ukiwa na bei zako, weka zako.)

Sasa gawanya, lakini usigawanye kwa 100. Mafuta ya chips yana maji ya viazi ndani yake, na yamechemka mpaka yameota asidi. Kostiki ikikutana na asidi na maji inatengeneza sabuni badala ya mafuta, na nyingine inapotea wakati wa kuosha. Mpishi mzuri mwenye mafuta machafu namhesabia lita 90. Hapo tunapata kama 2,556 kwa lita.

Bado. Lita ya biodizeli ina nguvu pungufu kidogo kuliko lita ya dizeli, kama asilimia 8. Yaani mbao zilezile zitachanwa kwa lita nyingi zaidi. Ukirekebisha hilo, unalinganisha shilingi 2,778 na 2,900 ya kituoni. Tofauti ni 122.

Mpwa wangu, 122. Kwa mkupuo mzima wa lita 100, unaofanya kazi ya lita 83 hivi za dizeli, unaokoa kama shilingi 10,100. Riba ya milioni 3 za kikoba peke yake ni 300,000, ambayo ni mikupuo 30 ya kupika bila kula. Mtambo wa milioni 4 na nusu unataka mikupuo zaidi ya 440 ili ujirudishe. Ukipika kila wiki bila kukosa, Krismasi na msimu wa mvua humohumo, ni zaidi ya miaka minane. Kikoba kinavunjwa Desemba.

Ukiweka mafuta kuwa sifuri, kama anavyoweka kaka, tofauti inaruka mpaka zaidi ya 1,600 kwa lita. Hapo ndipo ndoto ilipo. Ukiitazama vizuri, karibu yote ni mafuta yako, yametoka kwako yakaingia kwenye tangi lake kisha yakaitwa faida ya kugawana. Na wewe ndiye umeweka theluthi mbili za bei ya mtambo.

Wazungu wa kwenye video je? Wengi wao hawadanganyi, ila nchi zao zina hesabu nyingine. Chukua Uingereza. Tangu mwaka 2007 mtu anaruhusiwa kutengeneza mpaka lita 2,500 kwa mwaka bila kulipa ushuru wa mafuta, na ushuru huo kwa miaka mingi ulikuwa karibu peni 58 kwa kila lita. Miaka ile migahawa mingi ilifurahi kumwona mtu wa kuwaondolea mafuta machafu bure. Kwa hiyo mtu wa kule alipata mafuta bure, akasamehewa ushuru, kazi akaifanya Jumamosi gereji kwake kama burudani, na mkono wake hakuulipa. Hata huko mambo yamebadilika. Umoja wa Ulaya huruhusu biodizeli ya mafuta machafu ihesabiwe mara mbili kwenye malengo yao ya nishati, na ndiyo maana mafuta yaliyokaangiwa China hupakiwa melini kwenda Ulaya. Kitu kikishapanda meli, bure imekwisha.

Sasa baridi, ambayo muuzaji wa Dar hawezi kuifikiria kwa sababu hajawahi kuisikia mgongoni. Mafuta unayokaangia, kama ni yale ya bei nafuu ya dumu, ni mawese. Unayajua mwenyewe: Juni asubuhi yamesimama kama samli. Biodizeli yake ina tabia hiyohiyo, inaanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi. Mafinga asubuhi za Juni na Julai iko chini ya hapo. Fuso ya kaka italala na mafuta, itaamka na mshumaa kwenye filta. Ya alizeti huvumilia baridi zaidi, lakini nani anakaangia chips alizeti tupu siku hizi na bei ile? Dawa ni kuchanganya, sehemu moja ya biodizeli kwa nne za dizeli, na kuitumia mchana tu. Maana yake bado unanunua dizeli kituoni.

Kwenye injini sina wasiwasi sana. Ding'dong yenye injini ya silinda moja ya pampu ya kawaida haina makuu. Fuso ya zamani nayo itakwenda, ila biodizeli inaosha uchafu wa miaka yote ndani ya tangi, kwa hiyo filta za mwanzo zitaziba haraka, na mipira ya mafuta iliyochoka italainika na kuvuja. Gari la kisasa lenye nozeli za umeme asithubutu.

Ninachokiogopa ni methano, na hapa naomba umsomee kaka neno kwa neno. Methano si spiriti ya kuchezea. Inachemka kwenye nyuzi 65 tu, karibu mno na joto la kupikia biodizeli, na mvuke wake unashika moto. Moto wake mchana hauonekani vizuri: unaweza kusimama ndani yake kabla hujajua. Haipikwi jikoni, haipikwi karibu na karai lako la chips, haipikwi kwenye pipa lililo wazi. Jambo la pili ni baya kuliko la kwanza. Ina harufu ya pombe na inalewesha kama pombe, halafu inapofua macho na kuua. Kenya mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methano. Kaka ana vibarua msituni, kuna baridi, na kuna dumu linalonukia gongo. Kama hana chumba cha kufuli na ufunguo mmoja unaokaa kwake, asiilete. Hili halina hesabu ya faida.

Atakuambia gliserini inauzwa. Ile inayotoka kwenye mtambo wa nyumbani ni nyeusi, ina sabuni, kostiki na methano ndani yake. Viwanda vya vipodozi haviitaki. Usiiandike kwenye mapato, na usikubali imwagwe mtoni.

Mibono tusipoteze muda. Miaka ya 2000 kampuni kubwa zenye mtaji wa Ulaya zilikuja Kilwa na Kisarawe kuilima, BioShape na Sun Biofuels, na zote mbili zilishindwa, mashamba yakabaki na mgogoro wa ardhi. Kenya, utafiti wa mwaka 2009 kwa wakulima wadogo wa mibono ulipendekeza waipande kama uzio tu. Na lita moja ya mafuta yake hutaka kilo nne au tano za mbegu zilizochumwa kwa mkono. Shamba la marehemu limeni mahindi, au miti kama Mafinga nzima inavyofanya.

Je, kuna siku hesabu hii inaweza kugeuka? Ipo, nisiwe mkorofi. Kaka akimpata mtu wa kumhakikishia madumu matano kila wiki kwa 10,000 kila moja, mwaka mzima, anaokoa kama 85,000 kwa mkupuo, na mtambo unajilipa kwa mwaka mmoja na siku chache. Kwa hiyo swali la kwanza kwake halihusu mtambo. Muulize: mafuta umeyapata wapi, kwa bei gani, na nani amesaini? Akiwa na jibu la karatasi, nitabadilisha maneno yangu. Tena hata hapo milioni 4 na nusu ni nyingi. Pipa la chuma lenye mfuniko wa kufunga, pampu na bomba la kutolea mvuke nje, fundi mzuri wa kuchomelea hapo Mafinga atavifanya kwa bei ya chini sana, akielekezwa na mtu anayejua.

Nikija kwako. Usichukue mkopo wa kikoba kwa ajili hii. Sisemi hivyo kwa kuwa mradi ni wa kijinga. Deni linaisha Desemba na faida, kama ipo, inakuja kidogokidogo kwa miaka. Hata mradi mzuri ungekufa kwa mkopo wa namna hiyo.

Mafuta muuzie kaka, kwa bei ya mama wa sabuni. Usimpe bure, wala usimnyime. Ukimnyima utaitwa mchoyo mpaka kwenye vikao vya arusi. Ukimpa bure hatajua kama mradi unalipa au unakula kwako. Mwambie hivi: "Kaka, dumu ni 25,000, nitakukopesha mpaka mwisho wa mwezi, nami nakutakia heri." Aanze na lita moja kwenye chupa ili aone kama inatengana, halafu dumu moja, achanganye na dizeli, aijaribu kwenye ding'dong peke yake. Kabla ya kununua mafuta ya mtu ajifunze vipimo viwili: kupasha kidogo kwenye sufuria asikilize kama yanarusha maji, na kupima asidi kwa matone ili ajue kostiki kiasi gani iongezwe. Asiyepima anapika sabuni. Na asimuuzie mtu hata lita moja: biashara ya mafuta ni ya leseni, iko chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mama yenu mpelekee daftari badala ya maneno. Mwonyeshe 122, halafu mwonyeshe riba. Wazee wengi niliowahi kukaa nao wanajua kusoma riba hata kama hawajui kusoma herufi.

Kama kaka anataka kweli kupunguza dizeli, nina kazi yake ya wiki hii. Avue kisafisha hewa cha ile injini aone unga wa mbao uliojaa. Apeleke nozeli ikapimwe, maana nozeli inayokojoa hunywa mafuta bila kufanya kazi, na utaijua kwa moshi mweusi. Anoe msumeno mapema kuliko alivyozoea. Vyote hivyo kwa pamoja havifiki hata riba ya mkopo anaotaka ukope.

Wewe nawe muulize mama wa sabuni anatoa miche mingapi kwenye dumu lako. Dumu la lita 20 linataka kostiki kilo mbili na nusu hivi, maji, na subira ya wiki kadhaa. Ukijua bei anayouzia, utajua kama 25,000 ni bei ya haki au ni wakati wa kuomba 30,000.